Somo Lililoandikwa Katika Utangulizi

Ni nadra taasisi kuandika, kwa hiari yake na mahali pa heshima, sababu zilizoiua ile iliyoitangulia. Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, umefanya hivyo. Kabla hata hajafika kwenye ibara ya kwanza, msomaji hukutana na utangulizi unaokiri kwamba Jumuiya ya zamani ilivunjwa mwaka 1977, na unayataja yaliyoivunja: utashi dhaifu wa kisiasa, sekta binafsi na asasi za kiraia kutoshirikishwa vya kutosha, mgawanyo wa manufaa usio sawa baina ya nchi zilizotofautiana kwa maendeleo, na ukosefu wa sera za kuurekebisha mgawanyo huo. Huwapa wanafunzi wangu ukurasa huo mwanzoni mwa mwaka, kabla sijawafundisha majina ya vyombo vya Jumuiya. Taasisi nyingi hupenda kuianza historia yao siku ya ufunguzi, kana kwamba hapakuwa na kitu kabla yake.

Lugha yetu ina neno la kufaa kwa jambo hili. “Kujifunza” ni kitenzi “funza” kilichotiwa kirejeshi “ji”. Mwenye kujifunza huwa mwalimu wa nafsi yake. Iondoe hiyo “ji”, utie kauli ya kutendwa, nawe utapata “kufunzwa”. Hapo yuko mwingine anayekufunza, na si lazima awe mpole. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Jumuiya ya kwanza ilifunzwa na ulimwengu. Ninalouliza katika makala haya ni kama Jumuiya ya pili imejifunza.

Tuanze na ile ya kwanza, maana vijana wengi wa hapa Uganda huijua kwa jina tu. Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kutoka kwa mkoloni huduma za pamoja: reli, bandari, posta na simu, shirika la ndege, pamoja na idara za hali ya hewa na za utafiti. Mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967 uliziweka huduma hizo chini ya Jumuiya, na makao makuu ya mashirika yakagawanywa: reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Jumuiya yenyewe ikakaa Arusha. Mjomba wangu alikuwa karani wa reli katika miaka hiyo. Alizaliwa karibu na Tororo, akafanya kazi Nakuru, kisha akahamishiwa Tabora. Kiingereza alikiandika katika madaftari ya ofisi, lakini kazi yenyewe, baina ya fundi, dereva wa treni na mpagazi, ilifanyika kwa Kiswahili. Katika ukoo wetu ndiye aliyenisemesha kwa lugha hii kwanza, na alikuwa akinisahihisha ngeli za majina kwa ukali kuliko mwalimu yeyote niliyempata baadaye.

Mazingira yalibadilika haraka kuliko mkataba. Hata kabla wino wa Kampala haujamwagwa, mwaka 1966, kila nchi ilikuwa imejiundia benki kuu na sarafu yake. Mwaka 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha na kushika njia ya ujamaa, ilhali Kenya iliendelea na uchumi wa soko. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, nayo iliwauzia jirani zake bidhaa za viwandani kuliko ilivyonunua kwao. Waasisi waliliona tatizo hilo, wakaweka kodi maalumu ya kuiwezesha nchi dhaifu kuvilinda viwanda vyake vichanga. Dawa ilikuwapo, kipimo chake hakikutosha. Kisha Januari 1971 Idi Amin akaipindua serikali ya Uganda, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Chombo cha juu cha Jumuiya kilikuwa mkutano wa marais watatu, na marais hao hawakukutana tena. Kwa miaka sita mashirika yaliendelea kwenda kama treni iliyoachwa na dereva wake mteremkoni. Mapato yaliyopaswa kuvuka mpaka kwenda makao makuu yalizuiliwa katika nchi yalikokusanywa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege lilikoma kuruka, na Februari mwaka huo Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht, raia wa Uswisi.

Wazee wengi hapa kwetu husema kwamba Amin ndiye aliyeiua Jumuiya. Sikubaliani nao kikamilifu. Amin aliuziba mlango, ni kweli. Lakini nyumba ile ilijengwa ikiwa na mlango mmoja tu. Taasisi ambayo maamuzi yake yote mazito yanategemea urafiki wa watu watatu haijajiandaa kwa mabadiliko ya aina yoyote. Kama asingekuwa Amin, angeliiangusha mwingine, au kifo cha mmoja wao, au ugomvi mdogo juu ya mabehewa.

Linalonithibitishia hayo ni kwamba si kila kitu kilikufa. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Kampala, ilianzishwa mwaka 1967 pamoja na Jumuiya, nayo haikuzikwa nayo. Mwaka 1980 mkataba wake ulirekebishwa, benki ikasimama kwa miguu yake bila kuutegemea mkutano wa marais. Ushirikiano wa vyuo vikuu nao ulinusurika, na leo tuna Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Chuo cha marubani cha Soroti kilinusurika pia. Hivi ni vyombo vidogo, kila kimoja kikiwa na kazi moja inayoeleweka, vyenye watu waliohitajiana hata pale wakubwa wao walipokuwa hawasemezani. Nashangaa kwamba vitabu vyetu vya shule huvitaja kwa mstari mmoja, kama mabaki. Kwangu mimi vinatufundisha kuliko mashirika makubwa yaliyoanguka kwa kishindo.

Na wako wengine waliojirekebisha bila mkataba wowote. Msomaji unayejifunza Kiswahili bila shaka unalijua neno “bodaboda”. Huenda hujui kwamba asili yake hutajwa kuwa hapa mpakani, Busia na Malaba. Baina ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya palikuwa na masafa ya kutembea kwa miguu ambayo gari lisilo na vibali halikuweza kuyavuka. Vijana wenye baiskeli wakaweka kiti cha sponji nyuma, wakaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili: kutoka mpaka huu hadi mpaka ule. Kiswahili kikalimeza neno hilo, kikalitia irabu mwishoni kama ilivyo desturi yake. Baadaye baiskeli ikawa pikipiki, na neno likasafiri hadi Dar es Salaam na Bujumbura. Hakuna waziri aliyekaa kikao kuiunda huduma hiyo. Watu waliliona pengo lililoachwa na serikali mbili, wakaingia katikati.

Sasa tuitazame Jumuiya mpya, iliyoanza rasmi tarehe 7 Julai 2000. Katika kanuni zake za utendaji imeandikwa kwamba ushirikiano huu utamlenga mwananchi. Maneno kama hayo ni rahisi kuyaandika, kwa hiyo nilikwenda kuyatafuta sokoni. Nina ndugu Busia, na kila likizo hupita pale.

Mama mmoja anayeuza vitunguu alinieleza mambo ambayo sikuyapata katika kitabu. Umoja wa forodha ulipoanza mwaka 2005, alisema, redio ilitangaza kwamba bidhaa za Afrika Mashariki zitavuka bila ushuru. Alifurahi. Alipofika dirishani na magunia yake mawili, akaambiwa alete cheti cha kuthibitisha asili ya bidhaa, na kwamba cheti hicho hutolewa mjini mkuu. “Mwalimu,” akaniambia, “ushuru uliondoka, lakini ofisini hapakuwa na karatasi ya mtu kama mimi.” Kwa hiyo yeye na wenzake wakaendelea kupita njia za panya, gunia moja moja, kama walivyofanya tangu zamani, wakiogopa askari na wakitoa chochote walichoombwa.

Baadaye karatasi hiyo ilitengenezwa. Leo mfanyabiashara mdogo mwenye shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, ikiwa bidhaa yake imo katika orodha iliyokubaliwa, hupata papo hapo mpakani cheti kilichorahisishwa. Vituo vya pamoja vya mpakani vilijengwa pia, ambako maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri husimama mara moja badala ya mara mbili. Hapa ndipo ninapokubali kwamba taasisi imejifunza. Sheria ya ushuru ilikuwa nzuri tangu mwanzo, lakini iliandikwa na watu waliomwona akilini mfanyabiashara mwenye lori. Ilibidi wamwone mama mwenye magunia mawili, wakubali kwamba njia ya panya ni taarifa juu ya kasoro za njia kuu, kisha waibadili njia kuu. Mama yule hakunificha kwamba njia za panya zingali zina wapitaji. Wapo wasiojua kusoma cheti, na wapo maofisa wasiopenda kukitoa.

Jambo la pili lililobadilika ni mwendo. Jumuiya iliyoanza na nchi 3 ilikuwa na 5 mwaka 2007 Rwanda na Burundi zilipojiunga, ikapata Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Ni 8 sasa, na Wakuu wa Nchi bado huamua kwa maafikiano. Ungetarajia kwamba hakuna litakaloamuliwa kamwe. Lakini Mkataba una kanuni inayoziruhusu nchi zilizo tayari kutangulia, wengine wakafuata watakapoweza, na mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilitoa maoni kwamba kanuni hiyo haigongani na maafikiano. Matokeo yake niliyashika mkononi mwenyewe: tangu Januari 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Nilikwenda Kigali bila pasipoti, na nilihisi kwa siku mbili nzima kwamba nimesahau kitu nyumbani.

Lakini taasisi huweza pia kujifunza somo lisilofaa. Mwaka 2006 raia wa Kenya walifungua shauri katika Mahakama hiyo hiyo, wakilalamika kwamba wabunge wa nchi yao katika Bunge la Afrika Mashariki hawakuchaguliwa kama Mkataba unavyotaka. Novemba mwaka huo Mahakama iliwazuia wabunge hao wasiapishwe kwa muda. Kabla Desemba haijaisha, Wakuu wa Nchi walikuwa wameurekebisha Mkataba: waliigawa Mahakama katika kitengo cha mwanzo na kitengo cha rufani, wakaongeza sababu za kumwondoa jaji, na wakaweka muda wa miezi miwili tu kwa mwananchi kufungua shauri. Chombo cha rufani si kitu kibaya, na ningekiunga mkono siku nyingine yoyote. Kasi ile ndiyo iliyonitia mashaka. Jumuiya iliyochukua miaka mingi kumtengenezea muuza vitunguu karatasi yake ilihitaji wiki chache tu kujikinga na majaji wake. Mwaka 2008 Mahakama ilisema kwamba marekebisho hayo, kwa kufanywa bila kuwashirikisha wananchi, yaliikiuka kanuni ya Mkataba wenyewe. Hata hivyo haikuyafuta.

Rudi sasa kwenye utangulizi ule, usome tena sababu ya pili ya kifo cha mwaka 1977.

Sababu ya kwanza nayo haijatibiwa. Februari 2019 mpaka wa Gatuna, baina ya Rwanda na Uganda, ulifungwa kwa sababu ya ugomvi wa serikali mbili. Haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Nchi zote mbili zilikuwa wanachama, zote zilikuwa zimekubali soko la pamoja lililoanza mwaka 2010, na bado usuluhishi mkuu ulifanyika Luanda, Angola, nje kabisa ya Jumuiya. Wanafunzi wangu hunitaka niseme ni nani aliyekuwa na kosa. Mimi huwaomba wazitazame kwanza tarehe mbili: Februari 1977 na Februari 2019. Mlango ule mmoja bado upo. Umezungukwa na vyumba vingi vizuri, lakini upo.

Nimebakiza jambo ninalolijua kwa karibu kuliko yote, nalo ni lugha hii unayoisoma. Mkataba wa mwaka 1999 uliifanya Kiingereza lugha rasmi ya Jumuiya, na Kiswahili kikaahidiwa kuendelezwa kiwe lugha ya mawasiliano ya watu. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi walikikubali Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Nchini mwetu historia ina majeraha. Amin alikitangaza Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa familia nyingi kilisikika kwanza kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, kitumike kadiri Bunge litakavyoelekeza kwa sheria. Kisha kikalala. Ilikuwa Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri lilipopitisha kwamba kitumike rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Miaka kumi na saba ilipita baina ya kuandika na kuanza.

Shule ninayofundisha ilipokea agizo hilo kama shule nyingi zilivyolipokea, yaani kwa kulitafutia nafasi isiyomsumbua mtu. Kiswahili kikawekwa kipindi cha mwisho cha Ijumaa. Wanafunzi wa bweni walikuwa wakifua nguo, wa kutwa walikuwa wameshaanza safari. Niliwafundisha kumi na wanne kati ya darasa la sitini. Mzee mmoja, baba wa mwanafunzi wangu, alinijia akaniambia kwa adabu kwamba hana ugomvi nami, ila lugha ya askari haitaingia nyumbani kwake. Sikumbishia. Alikuwa na umri wa kukumbuka mambo niliyoyasoma tu.

Kilichobadili hali hakikutoka wizarani. Katika mkutano wa wazazi, ambao desturi yake ilikuwa mwalimu mkuu kusoma taarifa na wazazi kupiga makofi, tuliomba kwamba mara hii wazazi waulizwe watoto wao watafanya kazi wapi. Dereva wa lori la masafa marefu akasimama akasema kwamba yeye husafiri kutoka Mombasa hadi Goma, na katika njia yote hiyo Kiingereza humsaidia ofisini tu. Tairi likipasuka usiku, husaidiwa kwa Kiswahili. Mama anayeuza vitenge Busia akasema kwamba binti yake ndiye humsomea vyeti vya forodha. Yule mzee hakusema neno. Mwalimu wa hisabati, ambaye nilimdhania mpinzani wangu mkubwa, ndiye aliyetoa kipindi chake cha Jumanne asubuhi, akachukua cha Ijumaa kwa muhula mmoja, “tuone kwanza.”

Muhula huo umekuwa mihula minne. Darasa limejaa, ingawa sithubutu kusema kwamba wote wamekuja kwa mapenzi. Vitabu ni kimoja kwa wanafunzi watano. Binti wa yule mzee alihudhuria bila kukosa tangu ile Jumanne ya kwanza, akikaa dirishani, na mwaka jana aliandika insha juu ya babu yake na kambi ya jeshi iliyokuwa karibu na kijiji chao. Nilimwuliza kama baba yake anajua kwamba ameiandika, na kwa lugha gani.

“Anajua, Mwalimu,” akasema. “Alinisaidia majina ya mahali.”